Kabla Hujalaani: Mwongozo kwa Mgeni wa Dhuluma za Nchi za Watu

Umeamka, umefungua redio, ukasikia kwamba serikali moja ya mbali imeua raia. Damu imekuchemka. Umeshika simu uandike kwamba huu ni unyama na dunia isinyamaze. Tulia, ndugu yangu, weka simu chini. Hujui bado kama ni unyama. Unachojua ni kwamba watu wamekufa, na hiyo ni taarifa ndogo kuliko unavyodhani. Wako watu wazima, wenye elimu zao, waliolaani jambo Jumatatu, na kufika Alhamisi wakakuta waliyemlaani ndiye anayetujengea bandari.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wenzetu hao: waziri mpya aliyekabidhiwa mambo ya nje bila kutegemea, mhariri anayehangaikia kichwa cha habari saa tano usiku, imamu au padri anayetaka kuwaombea waliofikwa bila kujua ni waliofikwa wa upande upi, na raia yeyote mwenye huruma ambayo haijapata mafunzo.

Usianze na maiti

Asiyezoea huuliza wamekufa wangapi. Mzoefu huuliza aliyeua ni mtu wa nani.

Chukua mwaka 1979, mwaka uliotoa mtihani wenye maswali mawili yaliyofanana kama pacha. Januari 7 majeshi ya Vietnam yaliingia Phnom Penh na kuwaangusha Khmer Rouge, waliokuwa wameangamiza Wakambodia kati ya milioni 1.5 na milioni 2 kwa muda usiofika miaka minne. Aprili 11 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliingia Kampala na kumtimua Idi Amin. Nchi mbili zilizochokozwa mpakani kwanza, zikavuka mpaka, zikamwondoa muuaji aliyekuwa jirani. Mgeni angetegemea zipate alama zile zile.

Uganda ilipata serikali mpya na mataifa yakaitambua bila ajizi. Vietnam ilishambuliwa na China mwezi Februari, ikakatiwa misaada, na Septemba ya mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukapiga kura kuamua kiti cha Kambodia ni cha nani. Kura 71 zilikiacha kwa Khmer Rouge, 35 zilikataa, 34 hazikuegemea upande. Marekani ilikuwa ndani ya zile 71, bega kwa bega na China. Kwa hiyo watu waliokwisha kukimbilia msituni mpakani mwa Thailand waliendelea kuwa na balozi New York, mwenye suti, kadi ya mlangoni na haki ya kuomba kuzungumza.

Usitafute tofauti kwenye makaburi, huko hutaiona. Nyuma ya Vietnam alisimama Msovieti. Nyuma ya Tanzania hakusimama mtu wa kutisha. Ukishalielewa hilo, nusu ya somo umeimaliza.

Vitenzi na ngazi zake

Lugha ya kulaani ina ngazi, na mgeni huanguka kwa sababu huanza na ya juu. Rafiki yako akiua, wewe "unafuatilia kwa karibu". Akiendelea, "umeguswa". Akizidisha mpaka picha zikawa hazifichiki, "unasikitishwa" na "unazitaka pande zote zijizuie", hata kama upande mmoja ni kifaru na wa pili ni mama aliyebeba ndoo. "Kulaani vikali" ni akiba ya adui. Usiitumie ovyo ikaisha.

Angalia pia watu wanavyokufa. Chini ya adui, watu huuawa, na aliyewaua anatajwa kwa jina na cheo. Chini ya rafiki, watu hupoteza maisha, kana kwamba waliyaweka mahali wakasahau. Rafiki ana serikali. Adui ana utawala. Rafiki hufanya operesheni. Adui hufanya mashambulizi. Haya utayazoea ndani ya wiki moja, maana ukisikiliza taarifa ya habari kwa makini utakuta watangazaji wameyazoea zamani.

Mwaka 1994, Wanyarwanda wakiuawa kwa maelfu kila siku, wasemaji wa serikali ya Marekani walielekezwa wasitamke mauaji ya kimbari. Mwezi Juni msemaji mmoja alikuwa bado anawaeleza waandishi kwamba kumetokea "vitendo vya mauaji ya kimbari". Neno kamili lingedai wafanye kitu. Na kabla ya hapo, Aprili 21, Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kupunguza kikosi cha kulinda amani kikabaki na watu wapatao 270. Mezani penyewe, wakati wa kura hiyo, palikaa mwakilishi wa serikali ile ile iliyokuwa ikiendesha mauaji, maana mwaka huo Rwanda ilikuwa mjumbe. Alisikilizwa kwa heshima zote.

Zingatia tarehe

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu pana mfano mzuri mno wa kupita nao mbio.

Desemba 1981, kikosi cha Atlacatl cha jeshi la El Salvador, kilichofunzwa na Wamarekani, kiliingia kijiji cha El Mozote na vitongoji vyake na kuua karibu watu elfu moja. Waandishi wawili, Raymond Bonner na Alma Guillermoprieto, walifika na kuona mifupa. Habari zao zilitoka katika magazeti makubwa mawili ya Marekani tarehe 27 Januari 1982. Tarehe 28 Januari, yaani kesho yake, Rais Ronald Reagan alithibitisha mbele ya bunge lake kwamba serikali ya El Salvador inajitahidi kuheshimu haki za binadamu. Sheria ilidai uthibitisho huo ili fedha za silaha ziendelee, na kwa kuwa fedha zilitakiwa ziendelee, haki zikapatikana. Waandishi wale waliambiwa wamedanganywa na waasi. Miaka kumi baadaye wataalamu kutoka Argentina walichimba kwenye nyumba moja tu iliyokuwa karibu na kanisa, wakatoa mabaki ya watu 143. Watoto wa chini ya miaka 12 walikuwa 131.

Usidhani hayo ni ya vita baridi. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani hutoa kila mwaka ripoti ya haki za binadamu ya nchi moja moja, na kwa miaka mingi ripoti hizo zimekuwa kazi ya maana. Wanaharakati wa kwetu wamezitumia mahakamani na magazetini. Ripoti ya El Salvador ya mwaka 2023 iliorodhesha mateso, vifo na hali mbaya ya magereza, katika nchi ambayo tangu Machi 2022 imekamata makumi ya maelfu ya watu chini ya hali ya hatari. Machi 2025 nchi hiyo ilikubali, kwa malipo, kupokea na kufungia ndani ya gereza lake kubwa watu zaidi ya 200 waliofukuzwa Marekani, wengi wao Wavenezuela. Agosti 2025 ikatoka ripoti mpya. Ilisema hakuna taarifa za kuaminika za ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu nchini El Salvador. Magereza hayakubadilika, aliyebadilika ni mpangaji. Brazil na Afrika Kusini, ambazo msimu huo zilikuwa hazielewani na Washington, zilikuta kurasa zao zimeongezewa chumvi.

Funzo kwa waziri mpya: kabla hujajua nchi fulani inaheshimu haki kiasi gani, uliza tarehe.

Nyumbani kwetu

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akifika hapa huwa ameanza kutabasamu. Hao ndio Wazungu, anasema. Samahani, sura hii ni yako.

Agosti 27, 2010, Uhuru Park, Nairobi. Umati mkubwa umejaa uwanjani, Rais Mwai Kibaki anatia saini Katiba mpya, bendera zinapepea, watu wanalia kwa furaha, na walikuwa na haki ya kulia. Ibara ya 2 ya Katiba hiyo inasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Roma mwaka 2005, kwa hiyo ilikuwa na wajibu wa kumkamata anayetafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Na jukwaani, miongoni mwa wageni waheshimiwa, alikuwepo Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye mahakama hiyo ilikuwa imeshatoa hati mbili za kumkamata kwa mauaji ya Darfur. Alikuja, akashuhudia sheria ikizaliwa, akarudi zake Khartoum. Serikali ilieleza kwamba Umoja wa Afrika umeamua wanachama wasishirikiane katika kumkamata, na kwamba jirani hakamatwi. Kwa ufundi wa kuvunja sheria siku ile ile inapotiwa saini, sijui nchi nyingine inayoweza kutufikia.

Kuhusu mahakama hiyo yenyewe, mgeni ajue kwamba uzuri wake hupanda na kushuka. Februari 2009 muswada wa kuunda mahakama maalumu ya ndani, ya kesi za vurugu za uchaguzi, ulikosa kura bungeni Nairobi. Wabunge wengi walisema The Hague, iliko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ndiko kwenye haki. Majina ya washukiwa yalipotoka, The Hague ikageuka mkoloni. Oktoba 2013 wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa na kutangaza kwamba rais aliye madarakani asishtakiwe huko, na Juni mwaka uliofuata, Malabo, wakaiandikia mahakama yao wenyewe ya Afrika kinga ile ile. Nawaomba wasomaji wasiseme viongozi wetu hawana umoja.

Na Wazungu nao walitufuata darasani. Machi 2023 mahakama hiyo ilitoa hati ya kumkamata Vladimir Putin, na Rais Joe Biden akasema ni haki. Novemba 2024 ilitoa hati ya kumkamata Benjamin Netanyahu, na Biden huyo huyo akasema ni jambo la kuudhi mno. Ufaransa, ambayo ni mwanachama, ilikumbuka ghafla kwamba huenda waziri mkuu huyo ana kinga. Mwendesha mashtaka Karim Khan, ambaye watu wa kwetu wanamkumbuka alipokuwa wakili wa William Ruto kule kule, ameingia kwenye orodha ya Urusi ya watu wanaosakwa na kwenye orodha ya Marekani ya watu waliowekewa vikwazo. Moscow na Washington hazijakubaliana juu ya mambo mengi karne hii.

Lakini nisikwepe ya kwetu. Desemba 29, 2023, Afrika Kusini ilifungua kesi dhidi ya Israel katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa kwa madai ya mauaji ya kimbari Gaza. Ilikuwa kesi nzito, iliyoandikwa kwa makini, na binafsi naona ilistahili kusikilizwa. Siku sita baadaye, Januari 4, Rais Cyril Ramaphosa alimkaribisha Pretoria Mohamed Hamdan Dagalo, yule Hemedti, mkuu wa wapiganaji wa RSF wa Sudan, ambao mwaka 2023 waliwachinja Wamasalit mjini El Geneina; wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria waliouawa humo kuwa kati ya 10,000 na 15,000. Ofisi ya rais ilimtaja hata kwa jina la "Mheshimiwa Rais", ikafuta baadaye. Hemedti alikuwa kwenye ziara. Alikuwa amepokewa Entebbe, akapokewa Nairobi, na kote huko hakukosa wapiga picha.

Kituo kingine kilikuwa Kigali. Huko alionana na Rais Paul Kagame, kisha akapelekwa kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Hebu mtazame kidogo. Amevaa suti. Anapitishwa mbele ya picha za watoto waliouawa kwa sababu ya kabila lao. Huko Darfur, vijana wake walikuwa wamewauliza watu kwenye vizuizi vya barabarani wao ni kabila gani kabla ya kuwapiga risasi. Baada ya ziara alieleza kwamba Wasudani wana la kujifunza kutoka Rwanda. Waliomtembeza hawakuonekana kuona kioja chochote, na Afrika Kusini, ambayo wiki hizo ilikuwa na maneno makali na ya haki kuhusu Gaza, ilikuwa imeshamkaribisha.

Kwa kumbukumbu tu: aliwahi kutokea mtu akakataa. Julai 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokwenda kufanya mkutano wake Kampala na kumpa Idi Amin uenyekiti wa mwaka mzima, Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji hazikwenda. Serikali ya Nyerere ilieleza kwamba Afrika haiwezi kuwapigia kelele makaburu wanaoua Waafrika huku ikimshangilia Mwafrika anayeua Waafrika. Ilionekana ni utovu wa adabu. Na miaka minne baadaye Monrovia, baada ya Amin kung'oka, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliisema Tanzania kwa kuvuka mpaka. Tusimfanye Nyerere malaika. Sheria yake ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilikuwepo tangu 1962, na waliowekwa walikuwa na mengi ya kusema. Hata hivyo ule mlango wa Kampala aliukataa akijua gharama yake.

Wakikubana

Siku moja utabanwa. Utaulizwa kuhusu wafungwa wa rafiki yako, na hutakuwa na jibu. Usihangaike. Jibu lipo tayari, halichakai: "Mbona wao?"

Uzuri wa jibu hili ni kwamba mara nyingi ni kweli. Uingereza inapokuhubiria, unaweza kuitajia Hola, Machi 3, 1959, mahabusu 11 wa Mau Mau walipopigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Unaweza kuongeza kwamba Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulikuwa umeongezwa mpaka Kenya mwaka 1953, kwa hiyo mahabusu wale walikufa wakiwa na haki zao zote za Kizungu. London ilisubiri mpaka Juni 2013 ndipo ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, na hata hapo ilisikitika tu, haikuomba radhi waziwazi. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mwisho wa methali unaujua.

Ukishasema hayo, nyamaza. Usiendelee mpaka kwenye hitimisho, kwamba kama Hola ilikuwa dhuluma basi na gereza la rafiki yako ni dhuluma. Kazi ya Hola katika mjadala ni kufunga mdomo wa Mwingereza, si kumfungulia mlango mfungwa wa leo. Mgeni anayevuka mstari huu atapoteza marafiki wa pande zote.

Ukitaka kuona chombo hiki kikifanya kazi barabara, soma kura ya Oktoba 6, 2022 katika Baraza la Haki za Binadamu, Geneva. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imetoa ripoti kuhusu Wauighur wa Xinjiang, Waislamu waliofungiwa kambini kwa wingi. Hoja haikuwa kuilaani China, wala kuiwekea vikwazo. Hoja ilikuwa tu kwamba ripoti hiyo ijadiliwe. Ilishindwa, 17 kwa 19, na 11 hazikuegemea upande. Pakistan, Indonesia, Qatar na Falme za Kiarabu zilipiga kura ili Waislamu hao wasizungumziwe. Kutoka Afrika nzima, aliyesema ndiyo alikuwa Msomali peke yake.

Jihadhari na huyu

Kuna mtu mmoja atakayekuharibia kazi yote. Huyu hana ramani. Anawahesabu wafungwa wa kila mtu kwa daftari moja. Mwaka 2022 shirika la Amnesty International lilitoa Februari ripoti iliyosema Israel inaendesha ubaguzi wa apathaidi, na Washington ikaikataa. Agosti likasema jeshi la Ukraine linaweka kambi kwenye makazi ya watu na mashule, na Kyiv ikawaka; mkuu wa ofisi ya shirika hilo huko akajiuzulu. Katikati hapo liliendelea kuziandika Urusi na China kama kawaida. Mtu wa aina hii usibishane naye kwa hoja. Akimsema adui yako, mnukuu kwa jina na namba ya ukurasa. Akimsema rafiki yako, uliza nani anamlipa.

Usitupe faili

La mwisho ni la kiofisi. Dhuluma za rafiki zisitangazwe, lakini zihifadhiwe vizuri, maana urafiki haudumu.

Desemba 1983 Donald Rumsfeld alikwenda Baghdad kama mjumbe wa Reagan na kumpa mkono Saddam Hussein, wakati majeshi ya Iraq yakiwa tayari yanatumia gesi dhidi ya Wairani. Machi 16, 1988 gesi hiyo ilimwagwa Halabja, kwa Wakurdi. Walikufa watu wapatao 5,000, na picha zao zilitolewa dunia nzima. Washington ilidai kwamba huenda Iran nayo ilihusika. Faili likawekwa kabatini. Lilikaa humo mpaka ilipofika 2002 na 2003, vita ilipotafutiwa sababu, ndipo Halabja ikasomwa kwa sauti kwenye hotuba, kana kwamba moshi ulikuwa bado unafuka, na Rumsfeld sasa akiwa waziri wa ulinzi.

Saddam alinyongwa Desemba 30, 2006 kwa kesi nyingine, ya mauaji ya watu 148 wa Dujail mwaka 1982. Kesi ya kampeni dhidi ya Wakurdi ilikuwa inaendelea. Jina lake likafutwa humo kwa kuwa marehemu hashtakiwi, na kwa hiyo hakuna aliyepata kumuuliza kizimbani ni nani na nani walimuuzia, walimkopesha au walimtembelea. Uholanzi ilimfunga mfanyabiashara wake, Frans van Anraat, aliyempelekea Saddam shehena za kemikali: miaka 15 mwaka 2005, ikawa 17 kwenye rufaa. Ukiulizwa kuhusu wale waliokwenda na mkono mtupu na kurudi na picha, sema huo ulikuwa wakati mwingine, na kwamba unafuatilia kwa karibu.